Ruta imepanda CPU na intaneti inapatikana nusu nusu? Anzia kwenye memori ya anwani

Wakuu habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya yeyote anayeshika ruta ya kampuni ndogo ya intaneti, chuo, hospitali, popote pale ambapo mtandao ukizingua usiku simu inaita kwako. Kuna tatizo moja linasumbua watu miaka na miaka na kila mara lawama inaenda kwingine, utasikia laini imejaa, utasikia kebo ya baharini imekatika, utasikia virusi, watu wanaongeza bandwidi wanalipa hela nyingi na tatizo liko pale pale kwa sababu halikuwa kwenye laini hata siku moja.

Kwangu ilikuwa Jumapili saa mbili usiku. Mteja wa kwanza anasema WhatsApp inaenda vizuri ila tovuti ya benki yake haifunguki, wa pili anasema benki inafunguka ila video hazichezi, wa tatu kila kitu kipo sawa kabisa. Napiga pingi 8.8.8.8 (seva ya Google) inajibu kama kawaida yake. Laini ya kwenda juu iko asilimia 40. Nikaingia kwenye ruta, herufi zinachelewa kutokea kwenye skrini, nabonyeza s nasubiri, nabonyeza h nasubiri, na CPU ikasoma 98%. Nikapandisha kwenye logi nikakuta mstari huu umejirudia:

%MLSCEF-SP-7-FIB_EXCEPTION: FIB TCAM exception, Some entries will be software switched

Hapo ruta inakwambia ile memori maalum ya hadiwea inayoshika ruti, yani njia za kufika kwenye anwani, imejaa, zilizokosa nafasi zitahudumiwa na CPU. Nilikuwa nimeshapita juu ya mstari huo mara mbili bila kuuelewa, nikapoteza saa nzima nahangaika na kebo za faiba, ndo maana nataka mtu mwingine asipoteze hiyo saa.

Kwanza uelewe ruta inatafutaje anwani

Usiruke hapa, maana dalili zote za chini zinatokana na hiki kitu.

Kila paketi ikiingia ruta inasoma anwani ya mpokeaji na kujiuliza hii itokee mlango gani. Shida tebo haina anwani moja moja, ina mafungu, ndo hizo prefiksi, na mafungu yanaingiliana, kubwa lina dogo ndani yake. Tangu mpango wa CIDR ulipoingia mwaka 1993 fungu linaweza kuwa na urefu wowote, yani idadi ya biti za mwanzo zilizofungwa, kuanzia /0 mpaka /32, na sheria ni kwamba likifanana zaidi ya moja, lenye urefu mkubwa ndo linashinda. Chukulia jamaa anayepanga mizigo stendi, ameshika mzigo umeandikwa Tanga, Muheza, Amani. Kama lipo gari la Tanga tu anaupakia humo. Ila kama pembeni kuna linaloingia Muheza lazima apakie hilo, na kama kuna linalofika Amani kabisa basi hilo ndo lenyewe. Kwaiyo hawezi kuona gari la Tanga akaridhika, lazima ajiridhishe kwamba hakuna lingine linalofika karibu zaidi, na hapo ndo kazi inapokuwa ngumu.

Sasa angalia muda alionao. Kwenye laini ya giga 10, paketi ndogo kabisa za baiti 64 zinaweza kuingia milioni 14.88 kwa sekunde, yani kila paketi ina nanosekunde 67.2 basi. Laini ya giga 100 unabaki na nanosekunde 6.72. DRAM ya kawaida, hii iliyo kwenye kompyuta yako, kusoma sehemu moja ya kubahatisha inakula kama nanosekunde 50. Ukitafuta kwa mti wa biti moja moja, anwani ya IPv4 inaweza kukudai usome memori mara 32. Mara 32 kwa 50 ni nanosekunde 1,600, na wewe ulikuwa na 67. Haiwezekani. Ndo maana mafundi wa chipu wakaachana na memori ya kawaida kwa kazi hii.

Njia maarufu ikawa TCAM. Memori ya kawaida unaipa namba ya sehemu inakupa kilichomo, TCAM unaipa kitu chenyewe inakwambia kiko wapi. Ni kama mwalimu anayemtafuta mwanafunzi, badala ya kusoma rejista jina moja moja anasimama mbele anasema mwenye jina hili anyooshe mkono, darasa zima linasikia kwa pamoja na mkono unanyooka hapo hapo. Kila kijumba cha TCAM kinaweza kushika 0, 1, au X yenye maana ya vyovyote vile, kwaiyo /24 ni biti 24 halisi na X nane mwishoni. Ikinyooka mikono mingi kuna sakiti inachagua wa mbele zaidi, ndo maana prefiksi ndefu zinapangwa mbele na fupi nyuma. Utafutaji mmoja, jibu moja, iwe una ruti kumi au laki tano.

Gharama yake sasa. Kijumba kimoja cha TCAM kwa kawaida kina transista 16 wakati cha SRAM, memori ya kasi ya kawaida, kina 6, na kwa kuwa darasa zima linaamshwa kila swali likiulizwa, inakula umeme mwingi na inatoa joto. Kwaiyo mtengenezaji hawezi kuijaza tu, anaweka kiasi fulani na kiasi hicho kimechongwa kwenye chipu, huongezi kama unavyoongeza RAM kwenye laptopu. Hili watu wengi hawalijui, wanaona ruta ina giga 4 za RAM wanadhani ruti zitatosha. RAM hiyo inashika tebo ya BGP (lugha ya ruta za mitandao tofauti kupeana ruti), ile wanaita RIB. Tebo inayopitisha paketi, FIB, iko kwenye chipu, na ukubwa wake ni habari nyingine kabisa.

Dalili: baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine hazifunguki au zinavuta sana, CPU iko juu, laini haijajaa

Hii ndo yangu ya Jumapili. FIB ya hadiwea imejaa, ruti zilizokosa nafasi zinapelekwa kwa CPU, CPU haina ubavu wa mamilioni ya paketi kwa sekunde kwaiyo inachelewesha na inatupa. Mteja anayekwenda kwenye ruti iliyobahatika kuingia haoni shida yoyote, ndo maana malalamiko yanapingana.

Kwenye zile Cisco 6500 na 7600 za Sup720 (bado zipo nyingi, zinanunuliwa mitumba) cheki hivi:

show mls cef maximum-routes
show mls cef summary
show mls cef exception status

Ya kwanza inaonyesha memori imegawanywaje, ya pili ruti zilizopo, ya tatu ikisema TRUE kwenye IPv4 umeshafika ukomo. Ile ya aina ya XL ina nafasi milioni moja kwa jumla, ila kiwandani iligawanywa 512K za IPv4 pamoja na MPLS (njia ya kupitisha paketi kwa lebo), na zilizobaki zikaachiwa IPv6 na maltikasti, IPv6 moja ikila nafasi mbili. Hiyo 512K ni 524,288 kamili, na tarehe 12 Agosti 2014 dunia nzima iliiona kwa macho, tebo ya intaneti ilikuwa inakaribia pale, halafu Verizon wakatangaza kwa muda mfupi prefiksi ndogo ndogo takribani 15,000 za ziada, tebo ikavuka mstari na ruta za zamani sehemu nyingi duniani zikaanza kuyumba siku moja. Cisco walishatoa tahadhari miezi kadhaa kabla. Waliojitibu kwa kusogeza mpaka hadi 768K wakakutana na ukuta huo mwaka 2019.

Kusogeza mpaka ni amri moja:

mls cef maximum-routes ip 1000

kisha unasevu na kuributi, bila kuributi haishiki. Na ikishaingia kwenye hali ya TRUE haitoki yenyewe hata ukipunguza ruti, lazima uributi. Ila usifurahi mapema, ukiipa IPv4 yote hiyo unabakiwa na kanafasi kadogo sana ka IPv6 na MPLS, na tebo ya IPv4 ya dunia nzima sasa hivi inacheza kwenye milioni moja, IPv6 ilishavuka laki mbili mwaka 2024. Ukweli mchungu ni kwamba boksi hilo haliwezi tena kubeba tebo nzima, kwaiyo dawa ni kupunguza ruti zinazoingia, nitaeleza chini.

Na watu wanaoributi tu bila kubadili kitu: itapona dakika kumi, kumi na tano, mpaka BGP imalize kushusha tebo, halafu inarudi kule kule. Ukiona ruta inayopona kila ikizimwa na kuumwa tena baada ya muda ule ule, shuku hili kabla ya umeme.

Dalili: CPU iko shwari kabisa, ruti ipo ukiangalia, ila paketi hazifiki

Hii mimi naiogopa kuliko ya kwanza kwa sababu hakuna kelele. Kuna vifaa ambavyo prefiksi ikikosa nafasi kwenye hadiwea havipeleki kwa CPU, paketi inaangukia tu kwenye fungu kubwa linalofuata lililopo kwenye chipu. Rudi kwa jamaa wa stendi, gari la Muheza halikuandikwa ubaoni, basi mzigo umepakiwa la Tanga na hakuna aliyelalamika.

Tuseme unatangaza 203.0.113.0/24 kwenye BGP, na kama wengi wanavyofanya umeweka ruti ya /24 hiyo kwenda Null0, yani jalalani, ili tangazo lisicheze. Wateja wa PPPoE, wanaoingia kwa jina na nywila, wanapata /32, anwani moja kamili, mmoja mmoja. Chipu ikijaa, mteja wa 203.0.113.77 akiunganisha anapata IP yake vizuri, ukiandika show ip route unaiona ruti yake imesimama pale, lakini kwenye hadiwea haipo, kwaiyo paketi yake inakutana na /24 ya Null0 na inatupwa kimya kimya. Mteja akikata na kuunganisha tena huenda akabahatika kupata nafasi ya mtu aliyetoka, yeye anapona, mwingine anaumia. Ukisikia "nikizima ruta ya nyumbani na kuwasha mara tatu nne inakubali" na umeme wake na waya viko salama, nenda kaangalie hadiwea.

Namna ya kulikamata ni moja tu, linganisha tebo mbili. Kwenye 6500 ni show ip route 203.0.113.77 halafu show mls cef lookup 203.0.113.77, na vifaa vingine vina amri zao, lakini swali ni lile lile, softiwea inasema nini na chipu inasema nini. Majibu yakitofautiana umempata mwizi.

Dalili: ofisi kwa ofisi inapepea, intaneti tu ndo inasota

Hii nimeikuta kwa wanaotumia MikroTik za CRS3xx na RouterOS v7 wakiwa wamewasha L3 ya hadiwea, yani chipu ya swichi yenyewe inapitisha paketi kwa ruti badala ya CPU. Chipu ya swichi ina nafasi chache, ruti zikizidi mfumo unaweka kwenye hadiwea prefiksi ndefu kwanza na fupi zinabaki kwa CPU, na una mantiki, maana ukiweka fupi kwenye chipu na ndefu kwa CPU ungepata ile balaa ya Null0 hapo juu. Lakini sasa ni ipi prefiksi fupi kuliko zote? Ni 0.0.0.0/0. Difolti ruti yako, ile inayobeba karibu intaneti yote ya wateja, ndo ya kwanza kutupwa kwa CPU, na CPU ya swichi ni ndogo.

Andika /ip/route print uangalie herufi H pembeni, yenye H iko kwenye hadiwea. Kama difolti haina H ndo jibu. Tafuta ruti nyingi zisizo na trafiki ya maana, mara nyingi ni vi-/32 na vi-/30 vya laini za katikati vinavyomwagwa na OSPF (itifaki ya kupeana ruti ndani ya mtandao wako) kila kona, uziwekee suppress-hw-offload ili zibaki kwa CPU kwa hiari yako na nafasi ipatikane. Bora zaidi jumlisha OSPF yako kwenye mipaka ya eneo, minara mia moja haina sababu ya kujua kila /30 ya mnara mwenzake.

Dalili: swichi ya L3 ya zamani, ruti hazifiki hata elfu tatu, tayari inalia

Cisco Catalyst 3560 na 3750 zina mgao wa memori unaochagua mwenyewe, na wengi hawajawahi kuugusa. Andika show sdm prefer. Mgao wa kiwandani unatoa ruti 8K, ila soma vizuri, 6K ni za vifaa vilivyoungana nayo moja kwa moja na 2K tu ndo za ruti zinazojifunzwa kutoka kwa jirani. Kwaiyo OSPF ikikuletea ruti 2,500 umeshapita ingawa karatasi ilisema elfu nane. Ukibadili:

sdm prefer routing

unapata 3K za moja kwa moja na 8K za majirani, baada ya kuributi. Hapa hununui chochote, ni memori ile ile imekatwa tofauti.

Dalili: umeongeza IPv6, au umeongeza sheria za ulinzi, na ghafla IPv4 inayumba

IPv6 ina biti 128 na nafasi nyingi za TCAM ni za biti 72 au 144, kwaiyo ruti moja ya IPv6 inakalia viti viwili, kama abiria mwenye magunia. Mgao unabadilika na aliyepungukiwa ni IPv4.

Ya ACL, hizo sheria za ulinzi, ndo inashangaza zaidi. TCAM inajua 0, 1 na X tu, haijui "kuanzia hapa mpaka pale". Ukiandika sheria ya poti 1024 mpaka 65535, wewe umeandika mstari mmoja ila kwenye chipu inavunjwa vipande 6: 1024 mpaka 2047, 2048 mpaka 4095, na kuendelea kwa kujizidisha mpaka mwisho. Hiyo ni nafuu. Poti 1 mpaka 65534 inavunjika vipande 30. Na ukiweka masafa ya namna hiyo upande wa mtumaji na upande wa mpokeaji kwenye sheria moja ni 30 mara 30, nafasi 900, kwa mstari mmoja uliouandika kwa sekunde tano. Chipu nyingine zina rejista za kulinganisha masafa pembeni ila nazo ni chache zinaisha. Kwaiyo ukiona memori imepanda ghafla siku uliyobandika ACL mpya, tafuta neno range humo ndani, pindua sheria zako ziwe na poti moja moja au masafa yanayoanzia kwenye namba za kuzidisha mbili, 1024, 2048, 4096, chipu inazipenda hizo.

Dalili: laini moja ikikatika, mtandao unakufa dakika kadhaa wakati laini ya pili ipo hai

Watu wanailaumu BGP kuwa ni mzito. BGP nayo inachangia, lakini angalia na memori inavyoandikwa. Nilisema TCAM inataka ndefu zikae mbele. Sasa ikija /23 mpya na katikati hakuna nafasi, kuna ruti lazima zisogezwe, na ukifanya kijinga unasogeza maelfu kwa ajili ya moja. Kuna ujanja mzuri, ruti za urefu mmoja hazina haja ya kupangwa zenyewe kwa zenyewe, kwaiyo unachukua ya mpakani kutoka kila kundi na kuirushia kundi linalofuata, na kwa IPv4 hausogezi zaidi ya mara 32 hata iweje. Watafiti Shah na Gupta waliuchambua huu mwaka 2001 na wakaonyesha unaweza kupunguza zaidi ukiacha nafasi tupu katikati badala ya mwishoni.

Lakini la kwako wewe mwenye ruta ni hili: kama FIB imeandikwa bapa, kila prefiksi imebeba anwani ya jirani ndani yake, laini ikikatika chipu inaandika upya kila prefiksi. Hata tukijalia kila moja inachukua mikrosekunde 100 tu, ruti milioni moja ni sekunde 100 za wateja kukaa gizani. Ruta zenye FIB ya ngazi zinafanya prefiksi zote zielekeze kwenye kapu moja, na kapu ndo linajua jirani, laini ikikatika unabadilisha kapu moja na zote laki kadhaa zimehama papo hapo. Kwenye Cisco na wengine utaikuta kwa jina la BGP PIC, cheki kama kifaa chako kinayo na kama imewashwa, na hakikisha njia ya pili ya BGP imeshajulikana kabla ajali haijatokea.

Dalili: ruta ni kompyuta ya kawaida, giga kumi za faili kubwa zinapita, paketi ndogo zinaiua

Hapa hakuna TCAM, kuna DRAM na kache ya CPU, na mchezo ni kusoma memori mara chache iwezekanavyo. Linux zamani ilikuwa na kache ya ruti, ikaondolewa kwenye toleo 3.6 mwaka 2012, moja ya sababu ikiwa trafiki ya anwani za kubahatisha ilikuwa inaijaza na kuiangusha mashine, sasa inatafuta kwenye mti wenyewe kila mara. Kama bado una kernel ya kale kwenye boksi fulani pembeni, hiyo ni sababu tosha ya kulibadili.

Wanaotumia DPDK, softiwea ya kupitisha paketi haraka bila kupitia kernel, wanakutana na mpango wa DIR-24-8, uliotoka kwa Gupta, Lin na McKeown wa Stanford mwaka 1998, na mimi naupenda sana kwa urahisi wake. Unatengeneza tebo moja yenye mstari kwa kila /24 inayowezekana, 2 kwa kipeo cha 24, kama milioni 16.8. Anwani ikija unachukua biti 24 za mwanzo unakwenda moja kwa moja kwenye mstari wake, jibu unalo kwa kusoma mara moja. Kama ndani ya /24 hiyo kuna prefiksi ndefu zaidi, mstari unakupeleka kwenye kitebo cha mistari 256 na unasoma mara ya pili, basi. Unamwaga memori ili uokoe muda, kwenye DPDK baiti 4 kwa mstari ni megabaiti 64.

Matatizo yake ni mawili. Kwanza, ukiongeza au kufuta /8 moja unagusa mistari 65,536, kwaiyo ruti fupi inayopanda na kushuka inatesa mashine, tafuta nani anaipandisha na kuishusha. Pili, na hili limekamata wengi, vile vitebo vya 256 unaviwekea idadi mwanzoni. Ukiweka 256 halafu una wateja wa /32 waliotapakaa kwenye /24 tofauti 300, wateja wa /24 ya 257 na kuendelea ruti zao zinakataliwa na kosa la kukosa nafasi, wakati RAM tupu bado ipo tele. Ongeza hiyo number_tbl8s kwa kuhesabu ni /24 ngapi zina kitu kirefu ndani yake, wala usihesabu wateja, au wagawie wateja anwani kutoka /24 chache zilizojaa badala ya kuwatawanya.

Dawa ya kupunguza ruti bila kuumiza wateja

Kwanza jiulize kama unahitaji tebo nzima. Kama una laini mbili kwa watoa huduma wawili, difolti mbili pamoja na ruti chache za muhimu zinafanya kazi nzuri kuliko unavyodhani. Zaidi ya nusu ya tebo ya dunia ni /24, na nyingi ni za mbali ambako mteja wako wa Morogoro haendi kabisa. Zichuje, acha difolti izibebe. Zile ambazo lazima ziwe kwenye hadiwea kwa usahihi ni za jirani, ruti unazopata kwenye vituo vya kubadilishana trafiki, TIX Dar, AIXP Arusha, KIXP ukiwa Kenya, UIXP ukiwa Kampala, ni chache na zinabeba trafiki nyingi kwa nafasi kidogo. Angalizo, ukichuja bila difolti unakata watu, hakikisha difolti ipo kwanza ndo uweke kichujio.

Kama unataka BGP ione kila kitu kwa ajili ya kutangazia wengine lakini chipu isijazwe, kwenye IOS, softiwea ya Cisco, kuna table-map yenye neno filter, ruti inabaki kwenye BGP haishuki kwenye tebo ya kupitisha. Spotify waliwahi kueleza hadharani mradi wao SIR uliokuwa unaangalia trafiki halisi na kuweka kwenye swichi ndogo zile prefiksi zenye watu tu, wazo ambalo hata kwa mkono unaweza kulifanya ukiwa na NetFlow (rekodi za trafiki) ya wiki moja. Arista nao kwenye 7500R walikuja na FlexRoute, wakashika ruti zaidi ya milioni kwa kutumia tebo za kawaida za chipu badala ya kuongeza TCAM ya nje, kwaiyo ukinunua kifaa kipya muulize muuzaji namba ya FIB ya IPv4 na IPv6 zikiwa pamoja, zote zimejaa, na ACL zako zikiwa ndani. Namba ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya IPv4 peke yake.

Halafu weka maximum-prefix kwa kila jirani wa BGP, juu kidogo ya unachotegemea, na onyo kwenye asilimia 80. Jirani akikosea akakumwagia tebo nzima sesheni yake inakatwa, hilo unalirekebisha kwa simu moja, tofauti na chipu iliyojaa ambayo inataka kuributi ruta nzima na wateja wote kudondoka.

Usiku ule wa Jumapili niliishia kuchuja /24 zote za nje, nikaacha difolti, nikasogeza mgao, nikaributi saa nane kasoro. BGP ilipomaliza kupanda CPU ilisimama kwenye 6% na nilipobonyeza s ikatokea hapo hapo. Mlangoni kwenye raki nimebandika karatasi yenye safu tatu, ukomo wa chipu, ruti zilizopo na tarehe, na kila Jumatatu asubuhi kijana wa zamu anaijaza kwa peni kabla hajashika kitu kingine.